Mtungi wa Bi Kalunde

“Mfunua mtungi hunywa siki.” Jana, tulipokuwa tukikamua masega, niliyatamka maneno haya juu ya dada yenu anayepekua mifuko ya mumewe kila jioni, nanyi mkaniuliza siki imeingiaje katika ndoa. Basi sikilizeni yalikotoka.

Katika kijiji kimoja cha warina asali aliishi Bi Kalunde, mjane mwenye wana wawili, Mihayo na Kapela. Ndugu hao hawakuwa wakisalimiana tangu walipogombania mizinga ya marehemu baba yao. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua, naye alitamani jambo moja tu kabla ya kufa: kuwaona wanawe wakinywa katika kibuyu kimoja.

Akapika pombe kali ya asali, ile inayowekwa mwaka mzima hadi ikomae. Povu lilipotulia, aliuziba mtungi kwa nta, akauweka kwenye kona yenye ubaridi nyumbani kwa Mihayo, mwanawe mkubwa.

“Msimu ujao wa kurina mtaufungua pamoja,” alisema. “Ila kumbukeni, suluhu hainywewi kwa pombe iliyoharibika.”

Kapela hakumwamini kaka yake. Alihofu kwamba angeinywa kwa siri na kujazia maji. Kwa hiyo kila alipopita alibisha hodi, akabandua nta, akanusa, akaonja, kisha akaziba kwa haraka.

“Umeridhika?” mke wa Mihayo alimwuliza. “Au nikutandikie mkeka ulale kando ya mtungi?”

“Nalinda haki yangu, shemeji.”

Siku ikawadia. Wazee wakaketi, na mama akaegemezwa ukutani. Mtungi ulipofunguliwa, harufu kali iliwachoma pua. Pombe ilikuwa imegeuka siki.

“Umeitia nini, kaka?” Kapela alifoka.

Mama aliomba apewe ile nta, akaigeuzageuza kiganjani.

“Alama hizi za dole gumba ni za nani?”

Kapela akainamisha kichwa. “Ni zangu, mama. Nilitaka tu kuwa na hakika.”

“Pombe hukomaa ikiachwa, mwanangu. Mfunua mtungi hunywa siki.”

Wazee wakaondoka, na suluhu haikupatikana. Mama, pamoja na kikohozi chake, akapika mtungi wa pili. Safari hii Mihayo mwenyewe alitaka ukae kwa Kapela, na mwaka mzima hakwenda kuutazama hata mara moja.

Pombe ile ilikomaa vyema. Lakini Bi Kalunde hakuionja. Msimu wa kurina ulimkuta kaburini. Wanawe walipiga magoti hapo, wakamwaga kibuyu cha kwanza juu ya udongo wake. Cha pili Kapela alimnywesha kaka yake, kisha naye akanywa.

Walipatana, wanangu, ila aliyetamani kuliona jambo hilo hakuliona. Mwendeeni dada yenu, mkamwambie kwa upole: mfunua mtungi hunywa siki.