Nusu ya Moto wa Bondeni

Hapo zamani, moshi ulipokuwa bado dalili ya utajiri, Sultani Zahoro alikuwa na matanuri ya chokaa yasiyozimwa usiku wala mchana. Mbingu zikawa nyeusi, mvua ikapotea msimu wake, na mashamba ya maskini wa Bondeni yakakauka. Basi Sultani akaitisha baraza, akaamuru kila mtaa ulete mjumbe.

Watu wa Bondeni wakamtuma Mwinyikai, si kwa akili zake, bali kwa kuwa kanzu yake pekee haikuwa na kiraka. Naye akafika, akala pilau ya Sultani akashiba, akasinzia. Alipozinduka akasikia wajumbe wakisema "Naam," naye akasema "Naam," tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Kumbe ameafiki kwamba kila nyumba ipunguze moto nusu, mjane mwenye mafiga matatu sawasawa na mwenye matanuri. Ila matanuri yapewe muda, yatazamwe kwanza.

Mkewe, Mwanakheri, akamwuliza, "Ulikwenda kututetea au kula?"

"Nilianza na kula," akajibu kwa haya.

Ikawa askari wanapita jikoni na mitungi, chungu kikianza tu kuchemka wanamwagia moto maji. Watoto wa Bondeni wakawa wanalala na njaa, na kila Mwinyikai alipowasikia wakilia moyo ulimuuma, maana alijua kinywa kilichowaponza ni chake.

Ilikuwa ada, siku ya Idi, Sultani kula kwa raia mmoja, na kukataa chakula cha mwenyeji ilikuwa fedheha. Basi Mwinyikai akamwalika yeye na mawaziri wake, akampakulia sahani ikajaa. Sultani akatia tonge kinywani, likasagika kama changarawe.

"Ewe Mwinyikai, huu ni mchele au wali?"

"Ewe bwana wangu, bila moto huwa mchele, na kwa moto mzima huwa wali. Kwa nusu ya moto hupatikana hiki, nacho hakina jina mjini mwetu. Nadhani ni azimio la baraza."

Mawaziri wakatazama chini. Sultani, asiyeweza kutema wala kumeza, akatafuna mpaka jasho likamtoka, kisha akacheka kicheko cha aibu; na alasiri ile ile nusu ya matanuri ikazimwa, mafiga yakaachwa yawake.

Watu wa Bondeni wakambeba Mwinyikai mabegani wakimwita mwenye hekima. Akawaomba wamshushe.

"Mwenye hekima," akasema, "angalisema 'La' siku ile barazani."