Zamu ya Kufagia Zahanati

Soma hadi mwisho, halafu mtumie mwenzio, hasa kama kwenu kuna zahanati yenye kufuli mlangoni.

Kijiji kimoja cha mbali kilijengewa zahanati. Mheshimiwa akaja, akakata utepe, akala wali kwa kuku, akaondoka. Mlango ukatiwa kufuli, nesi hakuletwa. Basi mwenyekiti akapanga zamu, kila siku mwanamke mmoja afagie, ili nesi akija asikute uchafu akakasirika akarudi alikotoka. Mwaka ukapita, na mwingine, wagonjwa wakawa wanafia njiani kwenda mjini, na wanawake wakaendelea kufagia.

Siku ya zamu ya Nyamizi, mwanawe Limi aliamka anachemka homa.

"Mama, nimpeleke mjini," alimwambia mama mkwe wake.

"Kafagie kwanza. Nesi akija leo akakuta majani, utatuambia nini?"

Akaenda, mtoto mgongoni, jua la saa sita liko utosini. Akafagia uwanja, akafagia hadi barazani. Na kwa kuwa alilelewa asisogelee mlango wa mtu kimya kimya, akasema, "Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu ndani.

Moyo ukamruka, nesi kaja, nesi kaja kweli, wala hakulitazama kufuli, akasukuma mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na baridi kama ndani ya mtungi. Kwenye benchi refu watu walikaa wamebanana, macho yote kwenye mlango wa chumba cha matibabu. Halafu akamtambua shangazi yake, Ng'washi, aliyefia juu ya baiskeli akipelekwa kujifungua.

"Shangazi. Si tulikuzika?"

"Mlinizika, mwanangu. Zamu yangu tu haijafika."

Mzee mmoja akacheka kidogo. "Usimtishe, atadondosha mtoto. Sogeeni jamani, tumepata mgeni."

Wakasogea. Nafasi iliyopatikana mwishoni mwa benchi ilikuwa ndogo. Ilimtosha Limi tu.

Na mgongoni Limi alikuwa ametulia, ametulia mno.

"Shangazi, nifanye nini?"

Ng'washi akautazama ufagio mkononi mwa Nyamizi. "Mimi nilifagia vizuri kuliko wote," akasema.

Nyamizi akatoka mbio, akapita nyumba hadi nyumba akiwaita wanawake, chukueni fagio zenu, tunakwenda mjini, sasa hivi. Mama mkwe alifungua mdomo amgombeze, akamgusa mtoto, akaufunga, akachukua ufagio wake.

Limi alipata dawa jioni ile, akapona. Wanawake nao wakalaza fagio zao mlangoni kwa mheshimiwa, wakakaa hapo.

"Hizi za nini?" akauliza.

"Leo zamu yako," mama mkwe akamjibu.

Hawakuondoka mpaka wakapewa nesi.

Siku ya kufungua zahanati, ilibidi kufuli livunjwe kwa nyundo. Lilikuwa limegandishwa na kutu, halijaguswa tangu siku ya utepe. Ndani vumbi lilijaa kila mahali, isipokuwa kwenye benchi. Benchi liling'aa kwa kukaliwa, ila pembeni tu, pale mwisho, mahali padogo palipobaki na vumbi lake.

Nesi akapafuta kwa kiganja. "Mama, mkalishe mtoto hapa nimpime."

"Hapana, nesi," Nyamizi akasema. "Nitasimama naye."

Funzo: Ukingoja huduma kwa adabu bila kuidai, zamu ya mwanao inaweza kufika kabla ya nesi.