Jike la Bibi Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, juu mlimani kwenye baridi ya kung'ata mifupa, palikuwa na kijiji cha wafuga mbuzi. Mbwa wao walipigwa na kulazwa na njaa, ili wawe wakali. Wakawa wakali kweli! Waliuma watoto, waliuma wageni. Lakini chui akinguruma? Wii! Wii! Mikia miguuni, hao, mbio!

Kijijini humo aliishi Bibi Namkunda, mjane wa maneno machache. Alikuwa na jike la mbwa, kubwa kama ndama, manyoya tele. Jina lake Tulia. Alimlea zizini tangu hajafumbua macho, akinywa maziwa ya mbuzi, akilala katikati ya mbuzi. Fimbo hakuijua.

Jirani yake, Mzee Mghanga, alimcheka. "Bibi, huyo ni mbwa au gunia? Hata kuku hamfukuzi!"

"Kuku kamkosea nini?"

Basi kikaja kiangazi. Majani yakabaki kule juu tu, kwa chui. Watu wakaogopa. Mbuzi wakakonda, wakaanza kufa.

"Mimi napanda," akasema Namkunda.

"Utakufa!" akasema Mghanga.

"Hata hapa tunakufa, ila polepole. Napanda."

Akapanda, tipu, tipu, tipu, na mbuzi wake na Tulia. Mghanga akaona haya, akafuata na mbuzi wake na mbwa wake.

Mchana ukungu ukashuka, fuuu! Chui akatokea. Mbwa wa Mghanga, mbio! Mghanga mwenyewe akajikwaa, akaanguka chali.

Tulia akainuka. Akasimama kati ya chui na yule mzee. Nguuu! Chui akaruka, akamrarua bega. Tulia hakusogea. Nguuu! Chui akaruka tena, wakabingirishana, damu ikamwagika. Tulia akainuka, akasimama palepale.

Namkunda naye akaja, akasimama ubavuni pake.

"Hupiti!" akapiga kelele. "Hupiti hapa!"

Chui akawatazama. Akageuka, akaenda zake.

Mghanga akauliza, "Kwa nini hakukimbia?"

"Akimbie amwachie nani watu wake?"

Tulia alipona, ila alichechemea mpaka uzee wake. Alipozaa, Mghanga ndiye aliyetangulia mlangoni kuomba mtoto.

"Chukua," akasema Namkunda. "Lakini nikisikia amelia kwako, nakuja kumchukua."

Hiyo ndiyo asili ya mbwa wakubwa wa mlimani. Mtoto wa mtu huwapanda mgongoni, wao wamelala tu. Hawana haraka ya kukasirika. Lakini wakisimama, wamesimama.

Wanangu, anayelelewa kwa kipigo hujifunza kukimbia. Anayelelewa kwa upendo ana cha kulinda.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda akamsimulie mwenziwe.