Hamali Aliyeambiwa Aibebe Mahakama

Hapo zamani, nami sikuhadithiwa na mtu, nilikuwapo nimekaa safu ya mbele kabisa, palikuwa na mji wa bandari wenye mahakama ya mawe iliyotazamana na forodha. Nahodha mgeni na mchuuzi wa mjini wote walihukumiwa humo, na desturi ilikuwa moja: kesi haisikilizwi mpaka mshitakiwa awe ndani. Mnyonge aliburutwa na askari. Liwali Mbaruku, mwenye askari, nani amburute? Basi miaka saba hakuvuka kizingiti kile, na alichokipenda mjini alikitwaa.

Ikawa ametwaa punda wa Ngwali, hamali asiye na kitu kingine duniani, akamtia bustanini kwake avute maji. Ngwali akamwendea barazani.

"Bwana Liwali, nashika miguu yako. Punda yule ndiye chakula cha wanangu. Twende kwa kadhi atuamue."

Liwali akawakonyeza wazee wake. "Mimi nikufuate wewe? Si hamali wewe? Ibebe mahakama uilete hapa kabla ya adhuhuri, nami nitaingia. Ukishindwa, punda ni wangu, na wewe utamkatia majani."

"Nimekubali, bwana, ila kwa kanuni za uhamali."

"Kwa kanuni yoyote uitakayo."

Basi Ngwali akaenda zake, akasokota ngata, akaiweka kichwani, akachutama ubavuni mwa mahakama. Watu wakajaa.

"Ngwali, mlango wake tu utakuvunja shingo," akasema karani wa forodha.

"Shingo yangu haina neno, sheikh. Namngoja mwenye mzigo."

Kisha akatuma salamu kwa Liwali: mzigo u tayari, ila hamali hajitwiki, mwenye mzigo ndiye amtwikaye. Liwali alikwisha kukubali mbele ya wazee, akaja chini ya mwavuli wake, uso kaukunja.

"Nikutwike vipi, mwehu wewe?"

"Uzito wote uko kwenye nguzo ya kati, bwana. Wewe inua kwa ndani, mimi nipo huku."

Liwali akaingia kwa miguu yake mwenyewe, akaikumbatia nguzo. Kadhi akafungua daftari lake taratibu.

"Mshitakiwa amefika. Ngwali, ingia. Nawe Liwali, keti kitako, maana nyuma yake wapo kumi na wanne wengine wanaokushitaki."

Liwali akaitazama nguzo, akamtazama Ngwali anayevua ngata, akacheka mpaka machozi. Punda akarudi kwa mwenyewe jioni ile ile.

Yote haya niliyaona kwa macho yangu. Ila lile la Liwali kucheka nimelitia mimi.