Kitwana na Maneno ya Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa na nafasi nyingi na kazi chache, palikuwa na Sultani akiitwa Hishamu, naye alikitwaa kisima cha mtaa wa Kitongani ili farasi wake waogeshwe hapo. Watu wakabaki na maji ya chumvi. Kila aliyekwenda kulalamika aliambiwa, "Nitakutajia maneno, kisha useme mfululizo hata nimalize halua yangu. Ukiyakumbuka, kisima ni chenu. Ukisahau, utapanda darini uwike kama jogoo."

Basi wakaenda wenye elimu na wenye mali. Mmoja akasimulia safari zake, mwingine akamsengenya mkwewe, na kadiri ulimi ulivyokwenda mbio, maneno ya Sultani yaliwatoka kichwani kama kuku waliofunguliwa bandani. Ikawa kila adhuhuri mji unasikia mtu mzima akiwika.

Katika mtaa huo alikaa fukara mmoja mcheshi, Kitwana Shekue. Mkewe, Mwanasiti, akamwambia, "Mume wangu, mtoto anaumwa tumbo kwa maji haya. Nenda nawe ukajaribu." Akaenda.

Sultani akatamka, "Birika, ndimu, punda, kilemba, kobe, mkeka. Haya, sema!"

Kitwana akasema, "Birika, ndimu, punda, kilemba, kobe, mkeka! Birika, ndimu, punda..." Wala hakukoma. Alipochoka kusema akaimba, na wimbo ulipokolea akacheza. Walinzi wakapiga makofi, na waziri, kabla hajajizuia, akaitikia, "Mkeka!"

"Ewe Kitwana!" akafoka Sultani. "Nilikuamuru useme!"

"Nami nasema, bwana wangu. Hukunichagulia la kusema. Birika, ndimu..."

Sultani akaona atashindwa, akaanza kupiga kelele ili amvuruge, "Tende! Ngamia! Bakuli! Ngamia!" huku akibugia halua kwa mikono miwili, hata sinia likawa tupu. Kitwana akanyamaza, akavuta pumzi, kisha akayataja maneno yote pasipo kukosea.

"Umekosa!" akasema Sultani. "Ngamia yuko wapi?"

Waziri akainama, akanong'ona, "Seyidi yangu, ngamia ni wako. Hakuwamo."

Sultani akamtazama waziri, akamtazama Kitwana aliyelowa jasho, kisha kicheko kikamshika hata akaanguka kwenye mito. "Mtu huyu amenisahaulisha maneno yangu mwenyewe! Watoeni farasi!"

Jioni ile Mwanasiti akawa wa kwanza kuteka. Maji yakatoka baridi na matamu, akamnywesha mwanawe, naye mtoto akataka tena.