Ngiri na Siku Isiyo na Kivuli

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo?

Tupo.

Na wadogo?

Tupo, twasikiliza.

Basi sikilizeni. Hapo zamani za kale, porini hakukuwa na saa ya ukutani wala ya mkononi. Ngiri mmoja aliishi shimoni na watoto wake wawili. Mkubwa ni binti, Tindi. Mdogo ni wa kiume, Chande.

Kila siku Mama Ngiri aliwafundisha saa. Asubuhi, umande ukiwa bado majanini, aliwaambia, "Hii saa moja. Tunatoka." Wakichimba mizizi, chaku, chaku, chaku, alisema, "Hii saa tatu. Tunakula." Joto likikaza, wakajigaragaza topeni, alisema, "Hii saa sita. Tunapumzika." Na kanga walipoanza kurudi kwenye miti yao ya kulala, kachakacha, kachakacha, alisema, "Hii saa kumi na moja. Twende nyumbani. Saa kumi na mbili Chui anatoka."

Chande aliona hayo ni maneno mengi mno. "Mama, mimi natazama kivuli changu tu. Kikiwa chini ya tumbo, ni mchana. Kikirefuka, narudi."

"Kivuli ni kizuri, mwanangu," mama akamjibu. "Lakini tazama na wenzako wanafanya nini."

Ikatokea siku mama akachomwa na mwiba. Mguu ukavimba, hata kuukanyagia hawezi. Akawaambia, "Nendeni mkachimbe. Saa kumi na moja mrudi. Nitakuwa nawangoja."

Siku hiyo mawingu yalitanda toka asubuhi. Jua halikuonekana. Watoto wakachimba, chaku, chaku, chaku. Wakala, wakashiba. Wakalala topeni, wakaamka, wakachimba tena.

Tindi akainua kichwa. Kachakacha, kachakacha. Kanga wanapita, mmoja nyuma ya mwingine.

"Chande, twende. Kanga wanarudi."

"Kanga ni waoga. Wameona wingu. Mimi sina kivuli, basi saa haijafika."

Tindi akasikiliza. Nyuki walikuwa wamenyamaza. Nyani nao walikuwa wakipanda miamba yao, mama zao wakiwaita.

"Chande, kila mtu anakwenda kwake."

"Basi nenda wewe. Hapa pana mzizi mtamu."

Tindi alipiga hatua, akasimama. Angerudije peke yake, amwambie mama nini? Akarudi, akakaa karibu na nduguye, akiitazama njia ya nyumbani. Chande akachimba. Mzizi ukawa mrefu. Giza likaanza kuingia.

Kule shimoni, mama hakuona jua wala kivuli, lakini saa aliijua. Kanga wamekwisha kulala, na wanawe hawapo. Akatoka. Mguu mmoja juu, mitatu chini, akajikokota njiani akiita, "Tindi. Chande."

Chande akaisikia sauti ile, mzizi ukamdondoka mdomoni. "Mama ametokaje? Si mgonjwa?"

"Anatutafuta," Tindi akasema.

Wakakimbia. Walipomwona mama, Chui naye alikuwa amekwisha kumwona. Alikuwa amejilaza kwenye majani, kimya. Ngiri anayechechemea ni chakula chepesi. Pu! Akamrukia.

Mama akageuka, akamkabili kwa meno yake marefu. Tindi akaja kulia, Chande akaja kushoto, wakamsukuma Chui mbavuni kwa vichwa vyao vidogo, wakipiga kelele. Chui hakutegemea watatu. Akaacha, akaenda zake. Lakini sikio moja la mama lilikuwa limechanika vipande viwili.

Wakarudi shimoni. Chande akalilamba lile sikio, akalilamba, akalilamba.

"Mama, nipige."

"Sikupigi."

"Nilidhani nikichelewa, nimechelewa mimi tu."

Mama akamsogeza ubavuni, wakalala.

Mguu ule ulipona. Sikio halikuungana tena. Na tangu siku ile, liwe jua, liwe wingu, wa kwanza kusema "Twende nyumbani" alikuwa Chande.

Wanangu, na ninyi wakubwa, saa haisomwi kwenye jua peke yake. Isome katika kazi za siku na nyendo za wenzako. Na ajuaye saa yake hamtesi anayemngoja.

Hadithi yangu inakaa hapa. Inukeni mwende, huko nyumbani mnangojwa.