Nundu Haikatwi

Sogeeni karibu, na wewe uliyeshika simu iweke chini. Nina hadithi ambayo nimeibeba hadi hapa ikiwa nusu, na nusu yake nyingine mnayo nyinyi. Msinidai mwisho. Ningekuwa nao ningeshaumaliza ugomvi wa kwetu, na ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Kwetu Unyamisanga, alizeti ikishavunwa na kupurwa, wanawake wanacheza mpira. Si mpira wa kuchekesha watu kwenye sherehe. Ni mashindano ya vijiji, yana refa, yana kamati, na zawadi yake ni dume la ng'ombe. Timu ikishinda, dume linachinjwa palepale pembeni ya uwanja na nyama inagawiwa kila nyumba. Ila nundu haigawiwi. Nundu inawekwa nzima kwenye sinia, anaitwa mchezaji mmoja, yule aliyeushinda mchezo, naye anaipeleka kwao. Ukishapewa nundu wewe ndiye nahodha wa mwaka unaofuata, na hakuna mtu kijijini mwenye ruhusa ya kukutania tena kuhusu mpira. Kuikata ni mwiko. Waliwahi kuikata zamani wakawapa ndugu wawili wa tumbo moja, na wale ndugu hawakusalimiana tena hadi mmoja alipoolewa mbali.

Sasa niwajulishe kwa wachezaji wetu.

Wa kwanza ni Veneranda, namba kumi. Kipaji chake kiko kwenye mguu wa kushoto. Mwambie apige mpira uangukie ndani ya ungo ulioko upande wa pili wa uwanja, atakuuliza kwanza ungo ni wa nani, asije akautoboa. Timu yote inacheza kwa kumtazama yeye.

Wa pili ni Zaituni, kipa, mrefu na mkimya. Kipaji chake kiko machoni. Yeye haangalii mguu wa mpigaji, anaangalia mabega, kwa kuwa anasema mguu umefundishwa kudanganya na bega halijafundishwa.

Wa tatu ni Skolastika, tunamwita Skola, beki wa kulia. Mpira wake ni wa kawaida na mwenyewe hakatai. Kipaji chake kiko mdomoni. Anauza vyombo mnadani, na akikuuzia sufuria iliyotoboka unaondoka unamshukuru. Aliwahi kumwambia mshambuliaji wa timu pinzani kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, yule dada akainama, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Basi. Shida ilikuwa Veneranda na fainali. Fainali ya kwanza alipewa penalti, akaupaisha mpira hadi kwenye shamba la mtama. Fainali ya pili alisimama mbele ya mpira mpaka refa akamuuliza kama anaumwa, kisha akaugusa, ukajikokota wenyewe hadi mikononi mwa kipa. Kuanzia siku hiyo wakamwita Friji, kwa sababu presha ikipanda anaganda. Walimwita hivyo kisimani, walimwita hivyo kwenye foleni ya mashine ya kukamua mafuta, na kwaya ya kanisani walimwita hivyo wakiwa bado wamevaa majoho. Mimi hilo liliniudhi na linaniudhi hadi sasa. Mtu anawafikisha fainali mara mbili kwa mguu wake, na wanaomcheka ni watu waliofika fainali wakiwa wamekaa kwenye vigoda.

Fainali ya tatu tukakutana na Ilungwa. Kocha alikuwa amemwambia Veneranda mbele ya wenzake kwamba akiganda tena jezi namba kumi atapewa mwingine. Kijiji kizima kilijua. Asubuhi ya mechi mtu fulani, na mpaka leo hajajitaja, akaweka barafu ya mfuko katikati ya uwanja, pale pale Veneranda anaposimama mpira ukianza. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Veneranda akaiokota. Akakata pembe ya mfuko kwa meno, akaanza kuinyonya, na akapasha misuli hivyo hivyo, akizunguka uwanja mbele ya mashabiki wote, taratibu, hadi ikaisha. Kisha akamwendea mwanamume aliyecheka kuliko wengine akamkabidhi mfuko mtupu. Yule bwana akaupokea, maana hakujua afanye nini kingine.

Mechi ikaisha sare, bao moja kwa bao moja. Tukaingia kwenye penalti.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Kwetu penalti zote tano za kila timu zinapigwa, hata kama mshindi ameshajulikana. Watu wametoka mbali kwa miguu, wengine na watoto mgongoni. Huwezi kuwaambia warudi nyumbani kwa sababu hesabu imetimia. Refa mmoja wa mjini aliwahi kujaribu, akarudi kwao bila filimbi. Kwa hiyo mpigaji wa mwisho anaweza kuwa anaamua fainali, na anaweza kuwa anakamilisha ratiba tu.

Veneranda aliomba apige wa mwisho. Halafu akaenda katikati ya uwanja, akalipa goli mgongo, akajifunika khanga kichwani na kuziba masikio kwa vidole. Hakutaka kuona wala kusikia. Wakapiga wanne wa kwao na wanne wa kwetu, matokeo yakawa tatu kwa tatu. Ikabaki moja ya Ilungwa, na moja ya Veneranda.

Zaituni alikuwa golini na kidole cha kati cha mkono wa kulia kimepinda. Alikanyagwa kipindi cha pili, akachana pindo la khanga akakifunga pamoja na jirani yake, akakataa kutoka. Mpigaji wa Ilungwa akaja mbio, mguu ukaonyesha kushoto. Bega likasema kulia. Zaituni akaruka kulia, na mkono uliokuwa karibu na mpira ulikuwa ule mbovu. Akaupeleka huo huo. Mpira ukagonga kidole kilichofungwa, ukagonga mlingoti, ukatoka nje. Wanawake wetu wakapiga vigelegele na kuingia uwanjani na khanga zao, refa akawafukuza kwa mikono yote miwili.

Skola alikuwa wa kwanza kumfikia Veneranda. Alimkuta bado ameziba masikio chini ya khanga. Skola hana mguu wa kushoto wala macho ya Zaituni, ana ulimi, akautumia. Akamfunua, akamshika mashavu, akamwambia, "Vene, tumeshashinda. Unasikia vigelegele? Nenda kapige hiyo ya kumalizia tu, watu waende wakale nyama." Aliyasema bila kupepesa jicho. Kama mnavyojua, ulikuwa uongo mtupu, kwa sababu hatukuwa tumeshinda chochote.

Veneranda akatabasamu kidogo. Akaenda hadi kwenye mpira. Upande wa Ilungwa ulikuwa unaimba "Friji, Friji," na niseme ukweli, hata upande wetu walikuwepo waliokuwa wanaimba kimoyomoyo. Akausogeza mpira kwa vidole, akarudi nyuma hatua chache, akapiga kwa kushoto. Mpira ukaingia pembeni kabisa, pale juu mlingoti unapokutana na mtambaa panya. Kipa wa Ilungwa hakuruka. Aligeuka tu kuutazama.

Dume likachinjwa. Mama Munja, mwenyekiti wa kamati, mama asiyependa maneno mengi, akaweka nundu kwenye sinia akasimama katikati ya watu. Akafungua kinywa kulitaja jina la Veneranda, na Veneranda alikuwa ameshanyoosha mikono. Hapo Skola akasema, "Mama mwenyekiti, subiri kwanza."

Akasimulia alichofanya. Alisimulia vizuri, kama anavyouza sufuria, na watu wakacheka, kisha kicheko kikaanza kupungua. Hoja yake ilikuwa hii: Veneranda hakuishinda presha, kwa sababu hakuwa na presha. Yeye Skola ndiye aliyeiondoa na kuibeba peke yake. Yeye ndiye aliyesimama pale akijua kwamba uongo wake ukigundulika katikati ya safari ya kwenda kwenye mpira, tumekwisha. Mguu ule ule ulishapewa penalti mbili za fainali na tuliona ulichofanya. Kilichobadilika safari hii ni kitu gani, kama si maneno yake?

Zaituni, ambaye huwa haongei, siku hiyo aliongea. Aliinua mkono, kile kidole kilikuwa kimevimba hata pindo la khanga limezama. Akasema kila mwaka yeye anadaka na kila mwaka watu wanarudi nyumbani wanamzungumzia Veneranda, kama ameganda au hajaganda, kana kwamba golini kunasimama mlingoti wa tatu. Asingeuzuia ule mpira, Skola angekuwa na uongo gani wa kusema, na Veneranda si angepiga ya kusawazisha tu? Hakupandisha sauti. Nami nikaona aibu kwa niaba yetu sote.

Mama Munja akamgeukia Veneranda. Wote tulidhani atalia.

"Nilijua," Veneranda akasema.

Skola akamuuliza alijua nini.

"Nilijua unadanganya. Nilimwangalia kipa wao, alikuwa anafuta viganja kwenye bukta. Mtu aliyeshashindwa hafuti viganja. Nilijua hatujashinda, nikaenda, nikapiga."

"Hayo umeyaona sasa hivi unavyoyasema," Skola akajibu. "Mbona ulitabasamu?"

"Kwa sababu ulikuwa unahangaika."

Skola akasema alimshika mwenyewe kwa mikono yake, na alipomwambia tumeshinda, mabega yake yalishuka. Hilo likamkumbusha Mama Munja kwamba yuko mtu pale anayejua mambo ya mabega. Akamuuliza Zaituni, naye kutoka golini alikuwa anaona vizuri, kama ni kweli yalishuka.

Zaituni akafikiri. Angeweza kujisaidia mwenyewe kwa jibu lake, na hakufanya hivyo. "Yalishuka," akasema. "Lakini bega la mtu aliyeamini linashuka, na la mtu aliyeamua linashuka vile vile. Siwezi kukuambia lile lilikuwa lipi."

Watu wakaanza kugawanyika. Wengine wakataka nundu aende nayo Zaituni, wengine Skola. Na nyuma kabisa, sauti moja ikasema lile jina la Friji, si kwa nguvu, lakini kila mtu alilisikia.

Veneranda akaishusha ile mikono aliyokuwa ameinyoosha. Sijawahi kumwona amesimama wima namna ile. Akasema, "Mama mwenyekiti, shikamoo yako iko palepale, lakini nisikilize. Kama mnanipa kwa kunihurumia, wapeni mbwa. Na kama mnaninyima kwa kuwa hamjui nilichokijua, mpira ule pale. Warudisheni Ilungwa golini. Niiteni Friji wote, kwa sauti, msione haya. Nitapiga tena mkinitazama."

Mama Munja akasema penalti isiyo na dume haina presha, hata yeye na magoti yake angeifunga.

"Basi weka nundu," Veneranda akasema. "Nikikosa, achukue Skola, na jezi yangu muigawe."

Umati ukapiga kelele kukubali. Skola naye akakubali, kwa kuwa hajawahi kukimbia biashara. Vijana wakaanza kukimbilia mpira. Ndipo Zaituni akasogea, akasimama kati ya sinia na uwanja, mkono wake mbovu ameushikilia kifuani.

"Na mimi," akauliza, "kwenye hiyo penalti yenu niko wapi?"

Vijana wakasimama. Mama Munja akabaki na sinia mikononi, jua likiipiga ile nundu, na mafuta yake yakaanza kung'aa. Wanawake watatu wamesimama mbele yake. Mmoja aliuzuia mpira, na asingeuzuia labda tusingekuwa na cha kugombania. Mmoja alisema uongo, na pengine uongo huo ndio uliofungua mguu uliokuwa umefungwa miaka miwili. Mmoja alifunga, na kama alijua, basi amekitia kijiji kizima mfukoni, na kama hakujua, bado hajawahi kuipiga penalti ya fainali hata moja kwa moyo wake mwenyewe. Anayejua ni yeye tu, na yeye ameshasema.

Msiniambie waigawane, nimeshawaeleza ya wale ndugu wawili. Msiniambie wapewe mwaka ujao, nyama haingoji. Na msimuulize tena Veneranda kama alijua, kwa sababu atawajibu vile vile, na atawatazama machoni akiwajibu.

Wewe hapo, uliyekuwa unacheka niliposimulia habari ya barafu. Pokea sinia. Ungelitaja jina la nani?